Heko, Mdukuzi

Kila mtu ana neno baya la kumwambia mdukuzi wa barua pepe, na sijasikia hata mmoja aliyemshukuru. Naona amedhulumiwa. Tumemwita mwizi, tapeli na mlaanifu, ilhali ukimtazama kazini utakuta ndiye mtu pekee aliyewahi kuipa akaunti yako heshima inayostahili. Wewe uliifungua zamani kwa sababu fomu fulani iliitaka, ukaweka nenosiri la jina la mtoto wa kwanza na mwaka aliozaliwa, ukaenda zako. Yeye alipoiona alitambua mara moja kilichomo: ukibonyeza pale pa "umesahau nenosiri?" kwenye karibu kila kitu unachomiliki mtandaoni, jibu linakuja kwenye barua pepe hiyo hiyo. Aliyeshika hiyo ameshika vyote. Wewe hukuwa na habari.

Tuanze na nasaba, maana mtu husifiwa kwa kwao. Ukoo wake ni wa wasomi. Nenosiri la kompyuta lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, kwenye mfumo wa CTSS ulioongozwa na Fernando Corbató, ambapo watu wengi walitumia kompyuta moja na kila mmoja akapimiwa saa zake. Mwaka 1962 mwanafunzi wa udaktari, Allan Scherr, aliona saa alizopewa hazimtoshi kwa utafiti wake. Akaiagiza kompyuta imchapie faili lenye manenosiri ya watu wote, nayo ikamchapia bila kinyongo. Tangu hapo akawa anaingia kwa majina ya wenzake na kuendelea na masomo. Nani kati yetu ana babu aliyeiba ili asome zaidi?

Wajukuu hawakumwaibisha. Septemba 2008 kijana mmoja wa chuo aliingia kwenye akaunti ya Yahoo ya Sarah Palin, gavana wa Alaska aliyekuwa akigombea umakamu wa rais wa Marekani. Hakuvunja chochote. Aliomba kubadilisha nenosiri, mfumo ukamuuliza tarehe ya kuzaliwa ya mwenye akaunti, namba ya posta ya kwao na mahali alipokutana na mumewe, na majibu yote yalikuwa wazi mtandaoni. Mwaka 2016 ikawa zamu ya John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton. Uliingia ujumbe uliojifanya umetoka Google ukimtaka abadilishe nenosiri. Mtaalamu wao wa kompyuta aliulizwa, akajibu kwamba ujumbe ni halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika kinyume chake.

Hapa kwetu kipaji hicho kimezaa hata fasihi. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hakuna jina, hakuna kiasi, hakuna sababu, na bado kila Mtanzania aliyeusoma ujumbe huo amemkumbuka mtu anayemdai. Waandishi tunahangaika na kurasa nyingi kupata tunachotaka kwa msomaji. Yeye maneno sita yanamtosha.

Lakini tumsifu zaidi kwa ulinzi. Akishaingia, dakika za kwanza haibi kitu. Anafunga milango. Anaweka nenosiri refu lisilo na jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Anafuta namba yako kwenye sehemu ya kurejesha akaunti na kuweka yake. Kisha anawasha uthibitishaji wa hatua mbili, ule ulioombwa uuwashe miaka yote hiyo ukawa unabonyeza "Baadaye", na kuelekeza zile tarakimu sita ziende kwenye simu yake. Kwa mara ya kwanza tangu ifunguliwe, akaunti yako iko salama. Kasoro ni ndogo tu, kwamba iko salama dhidi yako.

Yupo aliye mpole zaidi, asiyefunga chochote. Huyu anakuachia nenosiri lako, hatumi barua yoyote ya ajabu, wala hukuti dalili. Anaingia kwenye mipangilio na kuandika kichujio kimoja: barua yoyote yenye neno "malipo", "benki" au "ankara", nakala iende kwake na yenyewe ipite moja kwa moja kwenye taka. Hata ubadilishe nenosiri kila Ijumaa, kichujio hakijali, kimeshapewa kazi. Siku mteja anapouliza fedha aziweke wapi, anajibiwa naye, kwa heshima zote, kutoka anwani inayofanana na yako isipokuwa herufi m imeandikwa kwa r na n zilizokaa pamoja. Kama jina lako ni mwamba, yeye ni rnwamba. Soma tena polepole. Mhariri mwenye jicho la namna hiyo magazeti yetu yangempata wapi?

Ana upungufu mmoja, na msifu asiyeutaja huwa chawa. Hajui kuamkia. Anawaandikia watu wote waliomo kwenye orodha yako maneno yale yale: nimekwama ugenini, pochi imeibwa, nitumie fedha haraka. Mjomba aliyeko Muheza anaifungua barua hiyo na kumkuta mpwa akiomba laki tatu bila shikamoo, bila kumuulizia bibi mgonjwa, bila hata "za huko". Hapo hapo anajua huyu si wetu. Adabu imewaokoa wazee wengi ambao hawajawahi kusikia neno udukuzi. Nasikitika kusema kwamba mdukuzi naye anajifunza: siku hizi husoma kwanza barua ulizotuma, kisha ndipo huandika.

Kwa hiyo uliyeingiliwa usikae kulia. Fuata nyayo za bingwa. Anza na kifaa, kwa sababu kama simu au kompyuta yako ndiyo iliyobeba programu ya kijasusi, nenosiri jipya utakaloandika humo utakuwa unamsomea yeye imla. Tumia kifaa kingine unachokiamini. Weka nenosiri refu ambalo hulitumii popote pengine, kisha ziondoe kwenye akaunti mashine zote zilizowahi kuingia. Wengi huishia hapo na kushusha pumzi, na mdukuzi huwapenda sana watu hao. Pitia vichujio. Pitia sehemu ya kusambaza barua kwenda anwani nyingine, uone kama kuna anwani usiyoijua. Pitia namba na barua pepe za kurejesha akaunti, halafu programu zote ulizoziruhusu kusoma barua zako, pamoja na ile ya mchezo uliocheza mara moja msibani ukisubiri maziko. Waambie jamaa na wateja, na uwaambie kwa simu.

Ukikuta umeshafungiwa nje, wahi. Google huweza kukubali namba ya zamani ya kurejesha akaunti kwa siku 7 baada ya kubadilishwa. Ya nane unaanza kubembeleza. Ukisharudi ndani, washa hatua mbili kwa simu yako mwenyewe. Mwaka 2019 Google ilitoa matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe wa simu zilizuia asilimia 96 ya mashambulizi ya ulaghai yanayotumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Ndiyo maana sasa mdukuzi anakupigia kwa sauti ya upole: "Samahani ndugu, kuna namba zimekuja kwako kwa bahati mbaya, naomba unisomee." Usimsomee, hata akiamkia.

Imebaki laini. Namba uliyoiandika kwenye akaunti mwaka ule huenda ni ya laini uliyoitupa, na kampuni za simu humgawia mtu mwingine namba isiyotumika. Iondoe. Kisha piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua, nenda ukaifute leo. Usingoje Jumatatu. Mwenzako hana wikiendi.