Jinsi ya Kulinganisha Soneti Mbili Bila Kumkosea Mpenzi

Mezani pako pana soneti mbili za Shakespeare, ya 18 na ya 130, zilizochapishwa London mwaka 1609 pamoja na nyingine 152. Umetakiwa kulinganisha uzuri, maumbile na mapenzi. Fuata hatua hizi, na mapenzi yatatoka salama.

1. Maliza hesabu mapema. Kila moja ina mishororo 14: minne minne mara tatu, kisha miwili ya kufungia. Andika hayo kwa sentensi moja, uyapumzishe. Msahihishaji anajua kuwa soneti ni soneti. Anangoja kusikia zinasema nini.

2. Hamia Uingereza kwa muda. Soneti ya 18 inaanza kwa kumfikiria mpenzi kando ya siku ya kiangazi. Ukiisoma Dodoma mwezi wa Oktoba, jasho likikutoka, utadhani anatukanwa! Kule baridi hukaa sana, kiangazi ni kifupi na hungojwa kwa hamu. Sifa hiyo ni kubwa, na bado nafsi neni inaiona haitoshi: upepo huharibu machipukizi, jua huzidi ukali au hufunikwa na mawingu, msimu huisha. Mpenzi atadumu kwa kuwa ametungiwa shairi.

3. Usikimbilie kumtetea mwanamke wa soneti ya 130. Washairi waliofuata nyayo za Petrarca, Mwitaliano wa karne ya 14, walizoea kuwapamba wapenzi wao kwa jua, marijani, waridi na theluji. Hapa mapambo hayo yanavuliwa moja baada ya jingine: macho, midomo, kifua, nywele, mashavu, pumzi, sauti, hata mwendo. Vumilia. Soneti ya 18 hugeuka kwenye mshororo wa 9. Hii inakuacha ukinung'unika hadi wa 13, ndipo inapoapa kwamba penzi lake ni adimu sawa na la yeyote aliyesifiwa kwa uongo.

4. Yaulize maumbile yanafanya kazi gani. Kuandika kwamba "zote zinataja maumbile" ni kuishia mlangoni. Katika zote mbili, maumbile ni kipimo kinachokataliwa. Ya 18 inakikataa kwa sababu mpenzi anakizidi. Ya 130, kwa sababu wanaokitumia wanadanganya. Anzia hapo.

5. Chagua upande, useme kwa nini. Mimi nasimama na ya 130. Ya 18 inaahidi kuuhifadhi uzuri milele, lakini haitaji hata rangi ya macho ya mwenye uzuri huo. Msifiwa anaweza kuwa yeyote. Mwanamke wa 130 tunamwona: nywele zake nyeusi, miguu yake inakanyaga ardhi. Mshairi alimtazama kwanza, ndipo akamtungia. Kwangu mimi, kutazama huko ndiko kupenda.