Dawa Haikopeshwi

Wamarekani wana mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ulioingia sokoni mwaka 1974. Wachezaji hukaa mezani wakajifanya mashujaa, na wakijeruhiwa hununua dawa ya miujiza. Katika toleo la mwaka 2014, kitabu cha mchezo kimeshapanga bei: chupa moja ya kuponya, vipande 50 vya dhahabu. Aliyeiandika bei hiyo hajafika kwetu Same, Tanzania.

Hapa kwetu bidhaa zipo, wanunuzi wapo, bei ndiyo haipo. Kweli, kikombe cha dawa cha marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile kule Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kilijulikana nchi nzima kuwa ni shilingi 500. Lakini kwa wataalamu wengine, bei husomwa usoni kwa mteja.

Shangazi yangu ana genge mjini Same: tangawizi ya kutoka milimani, vitunguu, ndimu. Jioni moja hesabu ikagoma. Majirani wakamwambia hiyo ni chuma ulete: mtu anakuja na noti yake, unampa chenji, akiondoka hela zako zinamfuata. Asubuhi akaitwa mtaalamu wa kuzindika. Akataja laki moja.

“Baba, nikopeshe,” shangazi akasema. “Kama inalinda hela, hizo zitakazobaki ndizo nitakazokulipa.”

“Mama, dawa haikopeshwi. Ikikopwa inalala.”

“Basi nizindikie noti tu. Sarafu nitazilinda mwenyewe.”

Walibishana mpaka adhuhuri, wakaangukia elfu kumi na tano. Mtaalamu akatoa kipande cha mkaa mkobani, akaokota ndimu palepale gengeni, akanuiza, akavitia kwenye droo. Shangazi akataka apunguziwe, maana ndimu ni yake. Mtaalamu akajifanya hakusikia. Akabeba na fungu la tangawizi, akasema atalipa akipita tena.

Kesho yake shangazi akaenda msibani, genge akamwachia mwanawe. Akaja mteja ana mafua, anataka tangawizi na ndimu. Ndimu za nje zimeisha. Kijana akafungua droo kutafuta chenji, akaiona moja. Kinga ya genge zima ikauzwa shilingi mia mbili.

Mtaalamu alipotafutwa alisema nguvu imehama na mnunuzi, hivyo tuanze upya, laki moja. Shangazi akaapa kumfikisha Mahakama ya Mwanzo. Sisi Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, lakini nilimkumbusha kuwa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, inamkamata anayetoa kifaa cha uchawi na anayekaa nacho vilevile. Hakimu akiihesabu ndimu ile kuwa kifaa, mdai na mdaiwa watapanda karandinga moja.

“Ningedai risiti,” akanung’unika. Mamlaka ya Mapato, TRA, kweli hutuhimiza kudai risiti, ila hiyo ingekuwa kielelezo namba moja cha upande wa mashtaka.

Mwishowe tulikaa na daftari la madeni, tukajumlisha. Pengo lote la droo lilikuwa humo, kwa majina na tarehe: majirani walewale waliotaja chuma ulete. Na chini yao, mstari wa mwisho, mtaalamu mwenyewe: tangawizi, fungu moja, hajalipa.

Mwenye mafua, nasikia, amepona. Katika biashara hii ndiye pekee asiye na lalamiko. Wewe msomaji mwenye genge, kabla hujamwita wa kuzindika droo, zindika kwanza daftari.