Tabibu wa Msumeno
Yuko Nkubu bwana mmoja (naye ana wenzake wengi, basi asidhani mtu kuwa ametajwa) ambaye, kwa kuwa injini ya msumeno wake hudai oili mililita 20 katika kila lita ya petroli, aliona huo ni ubadhirifu, akatia tone la kubarikia tu. Hata pistoni ya alumini ilipopata joto, ikatanuka na kung'ang'ania silinda, akahukumu kwamba ni kazi ya hasidi. Fundi? Hasha! Juu ya meza ya chakula, kwa ruhusa ya mkewe ambayo haikuombwa, alimimina mafuta ya taa katika tundu la plagi, akaigonga pistoni kwa mpini wa nyundo, kisha akaisugua silinda kwa msasa wa kulainishia milango, mpaka ringi mpya ikapwaya kama pete ya marehemu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, na Rais akatangaza kuiondoa Julai 2023. Marufuku ya bwana wetu, yaani msumeno usiowaka tena, isiyo na askari wala waraka, ingali ikidumu, na miti ya mikima ya jirani yamwombea umri mrefu.