Benchi la Tatu

Mfyuu! Jamani, Jumapili nimeona jambo kanisani hapa Mandawa, limenikaa kooni mpaka leo. Kaingia mama wa Kisukuma na wanawe wawili, yule mdogo mgongoni ananukia maziwa. Akakaa benchi la tatu, upande wa akina mama. Waliokuwepo wakasogea. Wakasogea tena. Mpaka mahubiri yanaanza, benchi la watu sita kabaki yeye na wanawe, wenzake wamebanana nyuma kama magunia ya ufuta ghalani. Halafu tukasimama tukaimba habari za neema!

Najua mtakachosema, maana hapa chini ya mkorosho mmeshaanza. Ng'ombe wa Wasukuma wamekula mbaazi za mjomba. Ndiyo, wamekula. Nilikwenda shambani mwenyewe, nikakuta vijiti vitupu. Tangu wafugaji walipoondolewa Ihefu, mwaka 2006 na 2007, wakaelekezwa huku Lindi, jembe na fimbo havijapatana. Mwenye ng'ombe aitwe, shamba lithaminiwe, alipe. Hapo sibishani na mtu. Lakini yule mama hakuja kanisani na ng'ombe. Kaja kusali. Deni la mbaazi linadaiwa kwa mtendaji wa kijiji, halidaiwi kwenye benchi la kanisa.

Na sisi Wakristo wa huku ndio wa kusogea mbali na mtu? Aka! Mama yangu alipofariki, masika ile, kaburi walichimba vijana wa msikitini. Mzee mmoja, ametoka kuswali alfajiri, kofia kichwani, suruali kaikunja mpaka magotini, ndiye aliyeshuka shimoni kusawazisha kuta maana udongo ulikuwa unaporomoka. Alipanda juu tope mpaka kwenye ndevu. Hakuniuliza mama alibatizwa wapi. Umwerani sisi tu wachache, na miaka yote tumezikwa na kukopeshwa chumvi na watu wasiosali kwetu. Mtu aliyelelewa hivyo anapata wapi ubavu wa kumbagua mgeni?

Tena kumbukeni Nyangao. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ile ilichomwa moto, Sista Walburga akauawa. Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne nao waliuawa njiani, upande wa Liwale. Babu zetu walikuwa na uchungu wao; Mjerumani alikuwa amewakalia shingoni kwa kodi na kazi za shuruti, na baadaye alichoma vyakula mpaka watu wakafa njaa. Sitaki kuufunika ukweli huo kwa kanzu ya padri. Ila wamisionari wengine walirudi palepale penye majivu, na leo pana hospitali. Wewe fundi baiskeli, mwanao si alizaliwa kwa upasuaji Nyangao? Kuna aliyekuuliza babu yako alishika mkuki au hakushika? Wangeanza na swali hilo, nani kati yetu angepokelewa?

Ndiyo maana naumia. Neema tunayoihubiri ilimpokea mtu kabla hajanyooka. Sisi tunataka yule mama kwanza afanane na sisi, aongee kama sisi, aache harufu ya zizi nyumbani, ndipo tumwachie nafasi ya kukaa.

Baada ya ibada nilimfuata, nikamsalimia kwa neno moja la kwao ninalolijua: "Mwangaluka." Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, akajibu, kisha akauliza kwa Kiswahili kizuri tu kisima kiko wapi, mtoto ana kiu. Walikuwa wametembea tangu giza.

Mke wangu alikuwa mmoja wa waliosogea. Nilipomuuliza nyumbani hakujibu, akaendelea kupepeta mbaazi. Usiku, taa imeshazimwa, nikasikia: "Baba Neema, yule mama anakaa upande gani?"