Mwongozo kwa Anayeongoza

Anayefungwa hahitaji mwongozo. Dunia nzima inamshauri, kuanzia kocha wake mpaka muuza kahawa. Huu ni wako wewe ambaye timu yako inaongoza matatu kwa nunge, mapumziko yamefika, na tayari umeshanyoosha miguu mpaka kwenye benchi la mwenzio hapo kibanda umiza.

Jambo la kwanza: simu iache mfukoni.

Hili nalisema nikiwa na kovu. Usiku wa Mei 25, 2005, pale Istanbul, AC Milan walikwenda mapumziko wakiwaongoza Liverpool 3–0 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Paolo Maldini alifunga kabla dakika ya kwanza haijatimia, Hernán Crespo akaongeza mawili. Kwetu ilikuwa saa nne na nusu usiku. Nina shemeji mmoja, Liverpool wa kufa mtu, nami Milan niliipenda tangu enzi za Weah. Nikamwandikia: "Pole sana shem. Lala mapema, kesho kazini." Nikabonyeza kutuma, nikaagiza chai.

Kipindi cha pili Rafael Benítez alimwingiza Dietmar Hamann azibe katikati, Steven Gerrard akapata nafasi ya kupanda. Gerrard akafunga kwa kichwa dakika ya 54. Vladimír Šmicer akafumua shuti la mbali dakika ya 56. Dakika ya 60 Xabi Alonso akapiga penalti, Dida akaipangua, mpira ukamrudia mpigaji mwenyewe kana kwamba alikuwa amemtuma mtoto dukani. Matatu ndani ya dakika sita. Chai yangu ilikuwa bado haijapoa. Hadi Jerzy Dudek anaipangua penalti ya Andriy Shevchenko na mambo yakaisha, saa sita ilikuwa imeshapita. Simu yangu ikalia. Shemeji aliandika neno moja tu: "Umelala?"

Jambo la pili ni la lugha, na nitakaa nalo kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapofia. Sisi tuna msemo mtamu kwa bao la kwanza la timu iliyokwisha kufungwa mengi. Tunaliita bao la kufutia machozi. Mtangazaji hulitamka kwa sauti ya huruma, kama anayempa mfiwa leso. Na nani aliwahi kuiogopa leso? Beki aliyepitwa anacheka. Kipa anaokota mpira wavuni bila kumfokea mtu. Jukwaani mashabiki wenu wanapiga makofi, waonekane waungwana. Sasa nakuomba uelewe kwamba hakuna bao la kufutia machozi mpaka kipenga cha mwisho kipulizwe. Kabla ya hapo lile ni bao la kwanza, kama bao la kwanza lolote lile.

Waulize wa Luanda. Januari 10, 2010, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Mataifa ya Afrika, wenyeji Angola wanaongoza 4–0 dhidi ya Mali, na saa ya uwanja inasoma dakika ya 79. Hapo Seydou Keita akafunga. Leso hiyo! Dakika ya 88 Frédéric Kanouté akafunga la pili, na bado ungeweza kujidanganya kwamba Mali wanatafuta heshima tu. Katika dakika za nyongeza Keita akafunga tena, kisha Mustapha Yattabaré akasawazisha. 4–4. Leso iligeuka sanda ndani ya robo saa. Ajabu ni kwamba Angola walimaliza vinara wa kundi lao, na Mali, pamoja na maajabu yote yale, wakafungasha virago kwenye makundi. Soka halina adabu kwa upande wowote.

Dalili za ugonjwa zinajulikana, ila anayeugua ndiye wa mwisho kuziona. Kipa anaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Beki wa pembeni aliyekuwa akipanda na kushuka sasa anapanda nusu njia. Mshambuliaji aliyewasumbua wapinzani saa nzima anatolewa apumzishwe kwa ajili ya mechi ijayo, na mabeki wao waliokuwa wamefungwa kamba na yeye sasa wako huru kupanda. Mipira inabutuliwa, na kila unaobutuliwa unarudi baada ya sekunde kumi ukiwa na watu wengi zaidi nyuma yake. Jukwaani nako wimbo umebadilika. Watu hawashangilii tena ushindi, wanadai idadi.

Kwenye mechi ya watani wa jadi udaiji huo ni maradhi sugu. Oktoba 20, 2013, Uwanja wa Taifa, Yanga walikwenda mapumziko wakiwa mbele 3–0, bao moja la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza. Ukumbuke kwamba mwaka uliotangulia, Mei 2012, Simba walikuwa wamewafunga Yanga tano bila. Kwa hiyo pale mapumziko hesabu ya Mwanajangwani yeyote mwenye kumbukumbu ilikuwa rahisi: yamebaki mawili deni liishe. Kipindi cha pili Betram Mombeki akafunga, Joseph Owino akafunga, Gilbert Kaze akafunga. 3–3. Sare ile kwenye msimamo ilikuwa pointi moja kwa kila upande. Mitaani, Msimbazi walisherehekea kama wameshinda na Jangwani walinuna kama wamefungwa, na mimi naona pande zote mbili zilikuwa sahihi.

Hata ukiongoza manne ugenini huku marudiano yakiwa kwako, usinunue ng'ombe wa sherehe. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers wa Zambia walikuja Dar es Salaam wakawafunga Simba 4–0. Simba wakaenda Zambia kukamilisha ratiba, wakashinda 5–0, na wakasonga mbele. Wazee wa Msimbazi wanaisimulia mpaka leo kana kwamba wote walikuwa kwenye ndege ile; ukiwahesabu, ndege hiyo ilikuwa kubwa kuliko meli.

Paris Saint-Germain nao walikuwa na manne yao, Februari 2017, dhidi ya Barcelona. Wiki tatu baadaye Camp Nou wakafungwa 6–1, matatu ya mwisho yakiingia kuanzia dakika ya 88, la kufungia kitabu likiwa la Sergi Roberto dakika ya 95. Ungedhani Barcelona, waliolijua gonjwa hili kwa upande wa dawa, wangejichanja mapema. Wapi! Mwaka uliofuata waliongoza 4–1 wakatolewa na Roma kwa 3–0. Mwaka 2019 waliongoza 3–0 wakaenda Anfield wakala nne, la mwisho likitokana na kona iliyopigwa haraka mabeki wakiwa bado wanajipanga. Mganga hajigangi.

Timu ya taifa niiguse kwa kidole tu, maana panauma. Cairo, Juni 2019, kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Taifa Stars waliongoza mara mbili dhidi ya Harambee Stars, kupitia Simon Msuva na Mbwana Samatta. Wakenya wakarudisha mara mbili, kisha Michael Olunga akamaliza kazi: 3–2. San Pedro, Januari 2024, Msuva alitupa bao dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali hizo ukawa unanukia kama pilau ya jirani. Dakika ya 88 Patson Daka akaruka. 1–1. Kama ulikuwa na mkeka siku hiyo, najua ulichanikia wapi.

Kwa wanaokimbia peke yao mwongozo ni mfupi, maana mkimbiaji hana beki wa kumlaumu. Kwanza, hakikisha ulichokifikia ndicho kikomo. Desemba 2012, katika mbio za nyika huko Burlada, Hispania, Mkenya Abel Mutai, mwenye shaba ya Olimpiki ya London mwaka huohuo, alisimama mita chache kabla ya mstari akidhani amemaliza. Mhispania Iván Fernández Anaya akamfikia, akakataa kumpita, akamwelekeza mbele. Wewe usitegemee Iván nyuma yako. Wako wachache.

Nyuma ya Filbert Bayi wetu hakuwepo Iván. Bayi alijua kuongoza kuliko mtu yeyote: Christchurch, 1974, alikaa mbele mita zote 1,500, John Walker akimfukuza bila kumpata, na akavunja rekodi ya dunia. Olimpiki ya 1976 aliikosa kwa sababu ya mgomo wa Afrika. Moscow, Julai 31, 1980, akajaribu mtindo uleule katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akachomoka, akaacha pengo ambalo kwenye televisheni lilionekana kama kiwanja cha nyumba. Mpoland Bronisław Malinowski hakuwa na papara. Alipunguza pengo hatua kwa hatua, na mzunguko wa mwisho, karibu na dimbwi la mwisho, akampita. Malinowski 8:09.70, Bayi 8:12.48.

Siku iliyofuata Suleiman Nyambui naye akapata fedha katika mita 5,000, na Tanzania haijawahi kuleta nyumbani medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Kwa hiyo Mtanzania mwenzako akikucheka kwamba timu yako imechezea uongozi, mwulize taratibu nusu ya medali zetu ilipatikanaje.