Nani Kama Mita

Wafalme wamesifiwa, madume ya ng'ombe yamesifiwa, hata mbu amepata wa kumshukuru kwa kutuletea semina zenye posho. Mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla, imekaa kwenye kuta zetu tangu miaka ya tisini na bado inaambulia matusi tu, hasa saa mbili usiku wali ukiwa nusu. Mimi nimeamua kuitetea.

Kwanza, mita iliweza lililowashinda Wajerumani. Wilaya yetu ya Kilolo haina sifa ya kupokea wanaojiingiza: pale Lugalo, Agosti 17, 1891, kamanda wa Kijerumani, Zelewski, alipita na askari wake na mizinga, Wahehe wakammaliza yeye na sehemu kubwa ya kikosi. Mita ilikuja na fundi, ngazi na bisibisi. Tena sisi wenyewe ndio tuliojaza fomu, tukalipia kuunganishiwa (vijijini shilingi 27,000, Mungu awabariki REA, wakala wa umeme vijijini), na fundi tukampikia ugali. Baada ya yote hayo mita ikabaki mali ya shirika la umeme, TANESCO. Nitajieni mpangaji mwingine anayekaa kwenye nyumba ya watu miaka yote bila kodi, haruhusiwi kuguswa, na mwenye nyumba ndiye anayemlipa ili aendelee kukaa.

Wazee wanaukumbuka utaratibu wa zamani. Shirika lilikuwa likitoa umeme kwanza, mwisho wa mwezi ndipo anapita msoma mita, akipita. Asipopita, bili inakisiwa, na makisio hayakuwahi kumpendelea mteja. Kisha wanakuja wakataji, nyuma yao vishoka wa kurudisha kimyakimya kwa bei ya maelewano. Hapa sitanii: mita iliifuta bili ya kukisia, na hilo ni jema. Ila iligeuza pia nani anamkopesha nani. Fundi cherehani tunampa nusu, muuza mbolea tunamwambia asubiri nyanya za Ilula zitoke, mahari yenyewe tunalipa kidogokidogo mpaka wajukuu. Mita peke yake hulipwa yote kabla haijanyoosha mkono. Wakati huohuo Mto Lukosi unateremka kutoka milima yetu, unaingia Ruaha Mkuu, unakwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu yenye megawati 204, na hatujawahi kusikia Lukosi nao umedai utangulizwe chochote.

Soma risiti yake uone usomi. Mteja wa kawaida wa mjini akitoa shilingi 10,000, kabla ya uniti yoyote mita inakumbuka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Uniti moja ya shilingi 292 inakuwa 356, na mteja anapata uniti 28 hivi. Kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, tangu 2021 inakumbuka pia kodi ya jengo: ilianza shilingi 1,000, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na uniti zinashuka hadi 23 na ushei. Wafalme wangapi walitafuta mtoza ushuru asiyelala, asiyekula rushwa, asiyeogopa mbwa! Mpangaji wa chumba kimoja, anayelipa kodi ya jengo la mtu mwingine, aliambiwa akakatane na mwenye nyumba kwenye pango. Wenye nyumba wetu tunawajua. Mazungumzo hayo yameimarisha sana ujirani.

Mita pia ni mlezi wa nidhamu. Yule wa kundi la matumizi madogo ananunua uniti kwa shilingi 100 mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni 350. Ndiyo maana Juni na Julai, baridi ya Kidabaga inapomkamata mtu mpaka kwenye mifupa, mwenye kundi hilo anatazama hita ya maji kama anavyomtazama mke wa mtu.

Kuna waliokasirika Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme ulipogoma, foleni zikajaa kwenye ofisi za TANESCO, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Kalemani, akawasimamisha kazi wakuu wa teknolojia. Wasio na shukrani. Watu waliokuwa hawajasalimiana tangu uchaguzi walisimama bega kwa bega kutwa nzima. Wakuu walisimamishwa, mita haikuguswa, na gizani iliendelea na msimamo wake kwamba bila tarakimu 20 za tokeni hakuna taa.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa 2024. Mita za aina hii duniani kote zilikuwa zikihesabu dakika tangu 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Baada ya hapo, zisipowekwa upya, zisingepokea tokeni. Basi kuanzia Julai mwaka huo, kwa mara moja, ukinunua umeme uliletewa mafungu matatu, tarakimu 60 za kuingizwa kwa mpangilio. Ulipokosea moja, ulirudia fungu. Bibi aliyenusurika njaa, ujamaa na mkutano wa kijiji alikaa kwenye kigoda akimsomea mjukuu namba kwa sauti, jirani akizihakiki kwa miwani ya kuazima. Mradi gani wa elimu ya watu wazima uliwahi kuingia kila nyumba namna hiyo?

Sasa TANESCO imeanza kufunga mita janja. Umeme unaingia wenyewe ukishalipa, bibi anapumzika, na shirika linaisoma mita bila kupanda mlima. Wanung'unikaji wameshaanza: itakula uniti upesi, itatupeleleza, itazimwa na mtu aliyekaa mbali kwenye kiyoyozi. Wanataja Uingereza, ambako mwanzoni mwa 2023 ilifichuka kwamba mawakala wa kampuni ya British Gas walikuwa wakivunja milango ya wenye madeni, wagonjwa wakiwamo, ili kuwafungia mita za kulipa kabla. Mdhibiti wa nishati, Ofgem, akazitaka kampuni zisimamishe zoezi. Kule pia mwenye mita janja anaweza kuhamishiwa malipo ya kabla kwa kubofya tu, bila kuvunja mlango wowote. Kwetu Kilolo hofu hiyo haina msingi: malipo ya kabla tunayo tangu LUKU ifike, wangetuhamishia wapi?

Fundi wa mita janja akifika nitamshikia ngazi, na ugali utakuwepo. Nitamwomba tu anioneshe swichi ya kuzimia iko ofisi gani, aliyekabidhiwa anaitwa nani, na akiizima kwa makosa usiku wa Jumamosi, simu yake inapokelewa saa ngapi.