Ridhaa ya Chapati Mbili

Tangu muhula huu uanze nimekuwa mtu wa kuudhi, na wa kulaumiwa ni somo moja tu, lile la Jumanne saa mbili asubuhi. Jina lake bayoetiki. Mwalimu hulifasiri kuwa maadili ya tiba. Sisi wa viti vya nyuma tunaliita "Nani Alikuuliza", kwa sababu kila kisa anachotusimulia huishia hapo hapo. Mgonjwa aliulizwa? Nani alimuuliza? Alielewa? Angeweza kukataa?

Ningeliacha somo hilo darasani, kama ninavyoacha fiziolojia, ningekuwa na amani yangu. Shida ni kwamba nasomea uuguzi Thika na kulala Ruiru, upande wa Kimbo, ambako binamu yangu alikuwa na chumba kimoja na nafasi ya godoro sakafuni. Kati ya godoro hilo na darasa kuna matatu ya kwenda na matatu ya kurudi, na humo ndani haulizwi mtu kitu.

Chukua Jumanne iliyopita. Nimesimama stejini, konda anapiga ubavu wa gari: "Thika hamsini! Thika hamsini, gari ni ya kwenda!" Nikapanda. Tumefundishwa kuwa ridhaa ina masharti yake: uambiwe ukweli wote, uelewe, usishurutishwe, na uwe na akili timamu. Matatu ya kwanza nilikuwa nayo. La nne sina hakika, maana ilikuwa saa kumi na mbili na nusu na sijanywa chai. Tulipofika Toll mvua ikaanza, kama matone saba hivi, konda akanyoosha mkono: "Leta mia mia hapo nyuma."

"Nilipanda kwa hamsini," nikamwambia.

"Hiyo ilikuwa ya jua."

Nikamweleza, kwa adabu, kwamba ridhaa iliyopatikana kwa maelezo ya uongo ni batili. Gari zima likanigeukia. Mama mmoja aliyepakata fungu la sukuma akaniambia, "Kijana, lipa tuende." Nikalipa. Kuna neno la kitaalamu kwa shinikizo la namna hiyo, lakini siku walipolifundisha nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya konda mwingine.

Halafu Juja tukauzwa. Anayesafiri barabara hii hahitaji kuelezwa. Gari linasimama, konda anahesabu vichwa, anaona hatutoshi kumfikisha Thika kwa faida, anamkabidhi mwenzake noti kadhaa, na sisi tunahamishwa kama kreti za soda. Hospitalini, kumhamisha mgonjwa kuna barua, kuna maelezo, kuna mtu wa kumpokea upande wa pili. Hapa unavutwa begi, na wewe unalifuata kwa sababu ndani mna daftari. Gari jipya lilikuwa limejaa. Nilifika Thika nimekalia nusu ya kiti na nusu ya goti la mtu, na goti hilo pia halikuulizwa.

Niliingia darasani nimelowa, nikakuta wamefika Tuskegee. Ni kule Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, ambako idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili ione ugonjwa huo ukiachwa utamfanya nini mwanadamu. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida ya kaswende, kwenye miaka ya 1940, wao hawakupewa. Miaka arobaini! Mwalimu akauliza: ni nini kilichowafanya waendelee kuja?

Nikainua mkono nikijua nitachekwa. "Chakula," nikasema.

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema ndiyo: walipewa vipimo vya bure, mlo wa moto siku ya kupimwa, na ahadi ya kugharamiwa maziko. Mtu fukara ukimwekea sahani mbele, akasema, usidhani aliyetia sahihi ni yeye. Aliyetia ni tumbo lake.

Nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka karatasi fulani. Muhula uliopita dada mmoja wa shahada ya uzamili alikuja kutafuta wanafunzi wa kupimwa upungufu wa damu. Alikuwa na fomu ya kurasa nne, soda, na mandazi mawili kwa kila mshiriki. Nilitia sahihi ukurasa wa nne. Wa kwanza hadi wa tatu sikuusoma hata mmoja, kwa sababu foleni ya mandazi ilikuwa inasogea. Usiku wa Jumanne hiyo nikaitafuta nakala yangu chini ya godoro na kuisoma kwa tochi ya simu. Nimekubali damu yangu ihifadhiwe "kwa tafiti za baadaye". Kwa hivyo kuna friji mahali fulani inayotunza kipande changu, na mimi mwenyewe sijawahi kumiliki friji.

Mwalimu hakutuacha tukidhani mambo haya ni ya Alabama tu. Alituleta Majengo, Nairobi. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakiwachunguza wanawake wanaouza miili mtaani humo. Ikaonekana kwamba baadhi yao, pamoja na kukutana na virusi vya UKIMWI mara kwa mara kwa miaka, walikuwa hawajaambukizwa. Habari hiyo ikaizunguka dunia, na ikachangia kuzaliwa kwa chanjo iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001, ingawa haikufika popote. Wanawake wenyewe walipata kliniki na matibabu. Mwalimu akauliza: kliniki inatosha? Darasa likagawanyika, wengine wakisema huko ni kulipwa vizuri kuliko wengi, wengine wakiuliza kama yupo mtafiti aliyebaki akiishi Majengo. Hapo sikuinua mkono.

Ubaya wa somo hili ni kwamba ukilipeleka nyumbani linakugombanisha na kila mtu. Keateka wa ploti yetu ana desturi: kodi ikichelewa, anaongeza kufuli lake juu ya lako. Mwezi jana nilikuta makufuli mawili, godoro langu ndani, mimi nje na mtungi wa maji. Nikamwambia kuwa mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Kama mzazi hazuiliwi kwa bili, godoro langu linazuiliwaje? Keateka alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hilo godoro limejifungua?"

Hata kahawa ya hapa ina kesi, ukiitazama vizuri. Kituo cha utafiti cha Ruiru ndicho kilichotoa, mwaka 1985, ule mbuni wa Ruiru 11, mfupi, unaostahimili chulebuni na kutu ya majani, baada ya miaka ya kuozesha mbuni huu na ule. Nilimwambia binamu kwamba hakuna mbuni ulioulizwa. Akaniomba nizime taa.

Huyo binamu ndiye kesi yangu kubwa. Anasomea ununuzi na ugavi, ananiita "daktari" kwa dharau, na anaamini chakula kilichomo chumbani ni cha chumba. Jumatano jioni nilinunua chapati mbili kibandani, nikazifunga kwenye gazeti, nikaziweka juu ya rafu ziwe chai ya asubuhi. Alhamisi tungekuwa wodini tangu saa moja, na wodini hakuna anayekuuliza kama umekula. Nilipoamka nikakuta gazeti limekunjwa vizuri, mraba kabisa. Binamu ni mtu nadhifu.

"Ulikula chapati zangu."

"Ulikuwa umelala, daktari. Si wewe uliniambia mgonjwa akiwa amezimia, hakuna wa kumuuliza, na kuna dharura, unaendelea tu?"

"Dharura ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Kisha akanitolea Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, anayoijua pale inapomfaa: kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Akaongeza kwamba ubora ulikuwa wa wastani. Nilitaka kumjibu kuwa kifungu hicho hicho kinasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura, na kwamba muda si mrefu atayahitaji, lakini matatu zilikuwa zinaita.

Basi Alhamisi nikafika wodi ya wanawake na tumbo tupu na kichwa kimejaa maadili. Sista akanielekeza kitanda cha dirishani: shosho wa miaka themanini na kitu, sweta ya zambarau, atolewe damu ya kupimwa. Nikavuta pazia, nikaanza kama tulivyofunzwa.

"Shosho, habari ya asubuhi. Mimi ni mwanafunzi. Naomba ruhusa yako nikutoe damu kidogo, kama kijiko kimoja. Utasikia uchungu mdogo, na pengine mahali hapo pavilie damu. Una haki ya kukataa."

"Nikikataa?"

"Ni haki yako."

"Daktari si amesema hiyo damu ni ya maana?"

"Ni ya maana sana."

"Sasa unaniambia nikatae kitu cha maana?"

Nikarudia tangu mwanzo, polepole. Nikamwomba anieleze kwa maneno yake alichoelewa. Akanitazama vile nyanya anavyomtazama mjukuu aliyetumwa chumvi akarudi na kiberiti.

"Nimeelewa kwamba unaogopa," akasema. "Umewahi kudunga mtu kweli?"

Ukweli wote, alisema mwalimu. "Ndiyo, shosho. Wanne."

"Wote walikuwa watu?"

"Watatu. Mmoja ulikuwa mkono wa plastiki."

Kitanda cha jirani kikacheka. Shosho akageuka kwenye meza yake ndogo, akafunua bakuli alilokuwa ameletewa na binti yake. Nduma, zimekatwa vipande vinene, bado zinatoa mvuke.

"Umekula?"

"Shosho, haturuhusiwi kupokea kitu kwa mgonjwa."

"Sijakuuliza unaruhusiwa nini. Nimekuuliza umekula."

"Sijakula."

"Mkono wako unatetemeka tangu ufungue hilo pazia. Kula. Mimi si wa plastiki."

Nikachungulia nje. Sista alikuwa amegeukia kabati la dawa, na kwa namna alivyokaza mgongo nadhani alikuwa amesikia yote. Nikachukua kipande kimoja. Shosho akanisogezea cha pili, akangoja nimeze, akaniamuru ninawe tena na kunyoosha vidole mbele yake, akavikagua kimoja kimoja.

Kisha akapandisha mkono wa sweta. "Haya," akasema, "sasa nimekubali."